Jumba la Maajabu

Zamani mtu aliyevuka kwa jahazi kutoka Bagamoyo, alipoukaribia mji wa Unguja, aliona jumba refu jeupe lenye nguzo nyingi, likielekea bahari. Ndilo Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya karamu na sherehe. Husimuliwa kwamba milango yake ilifanywa mipana ili apite amepanda tembo; lakini ni nani aliyemwona tembo huyo? Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa dakika 40 hivi. Majumba ya jirani yakabomoka, watu wengi wakafa. Hilo likabaki limesimama. Uchakavu ndio uliolishinda: tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja uliporomoka pamoja na mnara wa saa, wakafa watu wawili.