Mafunzo Niliyopata Kati ya Santuri na Studio

1. Anzia ukumbini, studio itafuata

Nilipiga muziki kwenye sherehe za mtaani Temeke kabla sijagusa mitambo ya kurekodia, na ningeambiwa nianze upya ningepita njia hiyohiyo. DJ anaona kwa macho yake wimbo unawafanyia watu nini. Ngoma ya kiki ikiingia vizuri, uwanja unajaa. Besi ikivuma mpaka ikafunika kila kitu, watu wanarudi kwenye viti bila kujua kilichowarudisha.

Hip hop yenyewe imetokana na macho ya DJ. Tarehe 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake huko Bronx, New York. Katika sherehe za namna hiyo aliona kwamba wachezaji wanasubiri kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki zenyewe. Akatumia santuri mbili za wimbo mmoja: kipande kikiisha huku, anakianzisha kule. Hata Young Guru, fundi mitambo aliyerekodi albamu ya The Blueprint ya Jay-Z mwaka 2001, alikuwa DJ kwanza. Siamini kwamba ni bahati tu.

2. Neno lisiposikika, hakuna wimbo

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na hapa ndipo ninapogombana na wasanii. Kijana amekesha akitunga mistari, vina vimepangika, halafu anataka biti iwe juu kuliko sauti yake. "Braza, ongeza ngoma, ipige!" Naongeza kidogo, kisha namwomba tusikilize pamoja kama ubeti wa pili unaeleweka.

Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwenye irabu, na mchanaji mwenye kasi anazimwaga bila kupumzika. Kinanda kikikaa katika masafa yaleyale, irabu zinamezwa na maneno yanageuka uji. Kwa hiyo nakiondolea kinanda nguvu kidogo kati ya hezi 1,000 na 4,000, ili sauti ya mtu ipate pa kukaa. Kwenye sauti yenyewe naondoa mngurumo wote ulio chini ya hezi 80 hivi, maana huko hakuna neno. Herufi za "s" na "sh" huchoma sikio ukizidisha masafa ya juu, kwa hiyo nazituliza mojamoja. "P" na "b" nazidhibiti mapema zaidi: soksi nyembamba ya nailoni ikivutwa kwenye duara la waya na kuwekwa mbele ya maiki hukata ule upepo, na haigharimu chochote.

Baada ya hapo nampigia wimbo mama ntilie wa jirani, ambaye hajawahi kuusikia. Akiniuliza, "Mwanangu, hapo anasema nini?" narudi kwenye mitambo. Ninapofanya hivyo huwa nafikiria "Ndiyo Mzee" wa Professor Jay. Ni wimbo wa ahadi za mwanasiasa, na nguvu yake ilikuwa kwamba hata mtu asiyependa rap alizisikia ahadi hizo moja baada ya nyingine. Maneno yale yangezama ndani ya biti, hoja nzima ingezama nayo.

3. Trei za mayai hazizuii sauti

Zinapunguza kidogo mwangwi wa masafa ya juu, basi. Besi inapita kama kawaida, na honi ya bodaboda inaingia kama kawaida. Magodoro, mablanketi mazito na kabati lililojaa nguo husaidia zaidi.

4. Sikiliza wanakosikilizia wao

Sikio zima la binadamu hupokea kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, lakini spika ya simu haitoi besi ya maana. Ile besi ndefu tuliyoirithi kutoka mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ya mwaka 1980 inatikisa ukumbi, kisha kwenye simu inatoweka kabisa, kana kwamba mpigaji ameenda kula. Dawa yake ni kuichafua kidogo kwa makusudi, izae masafa ya juu ambayo spika ndogo inayaweza. Sikio likiyapata hayo, linaijazia yenyewe besi iliyokosekana. Kila miksi naipitisha kwenye simu, kwenye gari la rafiki na kwenye spika za ukumbini kabla sijamkabidhi mtu.

5. Masikio hayana spea

Wataalamu wa afya kazini wanatumia kipimo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua kwa nusu. Piga hesabu: kwenye desibeli 100, ambazo ni za kawaida kwenye klabu, umebakiwa na dakika 15. Mimi navaa vizibo vya masikio nikiwa DJ, na studioni nafanya miksi kwa sauti ambayo mtu anaweza kuongea nami bila kupaza.

6. Andika majina kabla ya kubonyeza kurekodi

Enzi za kaseti, tuliwajua watayarishaji P-Funk Majani na Master J kwa sababu wasanii waliwataja ndani ya nyimbo. Watu wengine waliokesha kwenye kazi za namna ile hawakutajwa popote, na hilo linaniuma. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na ipo taasisi ya COSOTA ya kusajili kazi, lakini usajili hauwezi kukumbuka kwa niaba yenu nani alifanya nini usiku ule.

Kwa hiyo naweka karatasi mezani: nani ametunga mistari, nani ametengeneza biti, nani amerekodi, kila mmoja asilimia ngapi, kisha saini. Wapo wanaonuna. "Braza, si tunaaminiana?" Nawaambia ndiyo, na kalamu nawapa vilevile. Wimbo ukienda kwenye mitandao ya muziki, zile sehemu za majina ya watunzi na watayarishaji nazijaza zote, pamoja na jina la binti aliyeingia studio kwa dakika chache kuitikia kiitikio.