Matayarisho ya Tasnifu: Kulitoa Swali Katika Jambo

Wanachuo wanaotamani kufikia shahada ya uzamili aghalabu huanza kwa kuuliza tasnifu yapasa kuwa na kurasa ngapi. Swali hilo si baya, ila si la kwanza. Katika makala haya tunakusudia kueleza matayarisho ya tasnifu katika masomo ya sanaa, kama vile historia, fasihi na lugha, na hasa ile hatua inayowashinda wengi, yaani kulitoa swali katika jambo. Huenda mwanachuo akadhani kwamba habari hizi ziko mbali naye, kwa kuwa mbele yake kuna stashahada, shahada ya kwanza, na miaka ya kufundisha. Sisi tunaona kinyume. Sehemu kubwa ya ushahidi unaotegemewa na tasnifu za namna hii imo vijijini, jirani na shule atakayopangiwa, nayo haitamngoja.

Vita vya Majimaji ni jambo. Hakuna tasnifu moja iwezayo kulimaliza. Swali, kwa upande wake, huwa na mahali, muda, watu, na kitu kisichojulikana bado. Tena swali lililo jema kwa kizazi kimoja laweza kuwa halifai kwa kingine. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, chuo chao kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikusanya masimulizi ya wazee katika sehemu zilizopigana. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 10 vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa na miaka 73 wakati huo. Aliweza kuulizwa aliona nini. Gilbert Gwassa aliyatumia masimulizi ya wazee katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1973 juu ya chanzo na maendeleo ya vita hivyo. Leo hakuna aliyebaki wa kuulizwa swali hilo. Mtafiti wa sasa aweza kuuliza wajukuu wanasimulia nini, na kwa nini masimulizi ya Umatumbi hayafanani na ya Ungoni. Aweza pia kuzielekea hati za utawala wa Kijerumani zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Lakini asiyejua Kijerumani, wala hana nia ya kujifunza, na aliache swali hilo mapema.

Sasa tulitazame jambo lililo karibu zaidi na kazi yetu. Mnamo Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, ambapo mpango wa awali ulikuwa mwaka 1989. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa walimu wenzao. Kijana aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1976 alizaliwa mwaka 1959; ni mstaafu sasa. "Walimu wa UPE" ni jambo, na watu wengi hulizungumza kwa dhihaka tu. Lakini mtafiti akiuliza: "Katika kata hii, kati ya mwaka 1976 na 1980, walimu hao walijifunzaje kufundisha kusoma darasa la kwanza?" hapo amepata swali. Lina wa kulijibu, na jibu lake hakuna anayelijua kabla ya kwenda.

Kabla ya kuwaendea wazee hao, mtafiti asome yaliyokwisha kuandikwa, na kila kitabu akiandikie kadi yake: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, na ukurasa wa kila neno alilolinakili. Ukurasa usioandikwa leo utamgharimu safari nyingine ya maktaba. Kisha apate barua ya chuo, aifikishe kwa Katibu Tawala wa Wilaya na kwa ofisi za kata na kijiji. Mzee naye aombwe ridhaa yake kabla ya kinasa sauti kuwashwa.

Katika mahojiano, swali la jumla huzaa jibu la jumla. Ukimwuliza mzee kama mafunzo yalikuwa mazuri, atajibu kwamba yalikuwa mazuri, kwa adabu. Mwulize siku ya kwanza alikabidhiwa darasa lipi, lilikuwa na watoto wangapi, na aliandika nini ubaoni. Miaka ikimchanganya, mpe alama za kushikia: ilikuwa kabla ya Vita vya Kagera au baadaye? Sokoine alipofariki, Aprili 1984, ulikuwa bado shule ile? Kisha maneno yake yalinganishwe na daftari la uandikishaji na kitabu cha kumbukumbu za shule. Yakipingana, usiharakishe kumwona mzee kuwa amesahau. Daftari nalo liliandikwa na mtu aliyejua kwamba mkaguzi angelisoma.

Vitabu hivyo vya kumbukumbu mara nyingi hulala chini ya kabati la ofisi, pamoja na mchwa. Mwanachuo atakayekwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao aweza kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuvitazama, na kunakili kwa mkono kurasa za miaka 1974 hadi 1980, akionyesha tarehe aliyonakili na jina la shule.