SOMO LETU: Gesi asilia au nyuklia?



Sehemu ya umeme unaowasha taa za Gerezani na Kariakoo huzalishwa kwa gesi asilia. Gesi hiyo iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, lakini ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, yaani miaka 30 baadaye.

Gesi asilia ikichomwa hutoa takribani nusu ya hewa ukaa itokanayo na makaa ya mawe. Hata hivyo, ikivuja bila kuungua huongeza sana joto la dunia.

Kinu cha nyuklia hakitoi hewa ukaa kinapozalisha umeme. Madini ya urani tunayo, Mto Mkuju wilayani Namtumbo, lakini kinu hatuna. Ujenzi wake huchukua miaka mingi na fedha nyingi, na mabaki yake hubaki hatari kwa maelfu ya miaka.

Kwa hiyo gesi inatufaa leo, ila si mwisho wa safari. Nyuklia tukiichagua sisi, watakaoitunza ni wajukuu.

Maswali ya kujadili:
1. Mama lishe anayepikia mkaa atanufaikaje na uamuzi huu?
2. Je, ni haki kuwaachia watoto wetu mabaki hayo?