Biolojia: Mikrobi wanaishi namna gani katika maji ya madini?

Wengi wetu tunafikiri ya kuwa maji yenye sumu ya madini hayana mikrobi. Si hivyo. Mwaka 1976, kule Engis katika Ubelgiji, wataalamu walipata bakteria hai ndani ya matope ya bwawa la fabriki ya zinki. Leo anaitwa Cupriavidus metallidurans.

Zinki kidogo anaihitaji, hata sisi pia. Lakini ikizidi inaua, na kadmiumu, ambayo ni sumu tu, inajipenyeza pamoja nayo. Basi, katika ngozi ya selula yake iko pompi inayotupa madini inje. Angalieni vizuri: madini hayaharibiki, yanarudi majini. Mikrobi amepona, maji yangali sumu. (Kuchemsha nako hakusaidii: moto unaua mikrobi, hauondoi kadmiumu.) Zebaki anaifanya namna ingine: anaigeuza inakuwa mvuke, inakwenda zake.

Watu wanasema mikrobi "amezoea". Kusema kweli, wasio na pompi wamekufa, wenye nayo wamezaana. Tena maagizo ya kuitengeneza yameandikwa kwenye plasmidi, kipete kidogo cha ADN kilicho mbali na kromosomu, na bakteria anaweza kumpa jirani kopi yake.

Mwaka 1990 Ludo Diels na Max Mergeay walieleza namna walivyotafuta ADN hiyo ndani ya bakteria wa fabriki za Ubelgiji na wa sehemu za migodi ya Zaire, ndiyo Kongo yetu ya leo.