Gari la Mzee Wetu Limenifia Njiani

Bwana Mshauri,

Mimi ni karani, nakaa Kisauni, Mombasa, nina mke na watoto wawili. Wiki tatu zilizopita nilinunua gari dogo la Kijapani kwa mzee wa mtaani kwetu, ambaye twaswali naye msikiti mmoja, na ndiye aliyekwenda kuniposea mke wangu kwa kuwa baba yangu alikwisha fariki. Nilimpa shilingi 540,000, na nyingi katika hizo ni mkopo wa chama chetu cha akiba. Nilimwuliza kama gari limewahi kuchemsha, akanijibu kwamba injini haijaguswa na spana tangu gari lishuke melini. Juzi nilikuwa naipeleka familia Voi. Tumepita Mazeras tunapanda, nikaona taa ndogo nyekundu, nikasema nifike Mariakani kwanza. Haukupita muda nguvu zikapotea, usukani ukawa mzito, injini ikazimika. Utingo wa lori alitusaidia kumwagia maji, tukapiga stata mara nyingi, wapi. Fundi amelitazama akasema injini imenoki, nimpe arubuni aniletee nyingine iliyotumika Japani. Mzee nilipompigia simu alisema, “Mwanangu, gari ni chuma, mimi nilikupa likienda.” Mke wangu hajui habari za mkopo. Mzee namwonea haya, na huku moyo wanichemka. Nimdai, ninyamaze, au nilitengeneze juu juu nikamwuzie mwingine?

Mwenye Dhiki, Kisauni

Ndugu yangu Mwenye Dhiki,

Waraka wako nimeusoma, na la kwanza nililolishukuru ni kwamba wewe na ahali zako mlitoka salama katika barabara ile, kwani njia ipandayo kutoka Mazeras hadi Mariakani, kwa yale malori ya makontena yatokayo bandarini yakifuatana usiku na mchana, si mahali pa mtu kusimamishwa na mtambo wake pasipo hiari yake. Na kwa kuwa yaliyokufika yaweza kumfika yeyote asomaye safu hii, nitalisema kwa ufupi lipasalo kufanywa: injini izimikapo gari likiwa mwendoni, breki hazijafa wala usukani haujakatika, bali vimepoteza msaada viliokuwa vikiupata kwa injini, basi usukani na ushikwe kwa mikono miwili na kwa nguvu, breki ikanyagwe moja kwa moja bila kuachiwa na kukanyagwa upya, kwa sababu kila kuachia hupunguza ule msaada mchache uliobaki, na ufunguo usirudishwe hadi mwisho mpaka gari litulie kabisa, usije usukani ukajifunga. Kisha watu washuke wakae mbali na lami, na pembetatu nyekundu, au matawi ya miti kwa asiyekuwa nazo, yawekwe nyuma umbali wa kumpa dereva ajaye nafasi ya kupunguza mwendo. Ama kumwagia maji baridi mtambo unaofuka moshi, na kupiga stata kwa kurudia, ni ihsani ya utingo yule ambayo sitamlaumu kwayo, ila yaweza kukipasua kichwa cha injini kilichokuwa kimepinda tu. Mtambo uliochemka hutakiwa kuachwa upoe wenyewe, na kifuniko cha rejeta kisiguswe kabla ya hapo, kwa kuwa maji yaliyo chini yake huruka yakamwunguza mtu uso.

Sasa tuje kwenye kadhia yenyewe. Arubuni usiitoe, walau si leo. Fundi wako amehukumu kifo cha injini ambayo hajaifungua, na kwa hukumu hiyo ataitoa, ataiuza kwa uzito wa chuma au kwa spea zake, atakutilia nyingine ambayo nayo huijui ilikotoka, na pamoja na ile ya kwanza utakuwa umekipoteza kitu ambacho kwa haja yako ya sasa kina thamani kuliko fedha, nacho ni ushahidi. Ndani ya injini ile mna jibu la swali ambalo wewe na mzee hamwezi kulijibu kwa maneno: ila hii ilikuwamo siku mliyopeana mikono, au imezaliwa mikononi mwako?

Tafuta fundi wa pili, asiyekuwa na injini ya kukuuzia, umlipe ujira wa kuchunguza peke yake, na usimame hapo unatazama. Kwanza na aizungushe injini kwa mkono, kwa spana iliyotiwa katika boliti ya puli ya mbele: ikizunguka, haijakamata, na yamkini kilichokufa ni gasketi ya kichwa, ambayo ni gharama nyingine kabisa; isipozunguka, pistoni zimeshikana na silinda au beringi zimeungua, na hapo yule fundi wa kwanza atakuwa amesema kweli. Kisha achomoe stiki ya oili na kukitazama kwa chini kile kifuniko cha kujazia oili, kwani mkiwa na utando mzito mithili ya kahawa iliyotiwa maziwa, maji yamekwisha kuchanganyika na oili. Injini ikiwa yazunguka, apime kompresheni ya silinda moja moja. Ndipo kichwa kifunguliwe, kilazwe, na rula ya chuma ipitishwe juu yake kuona kama kimepinda. Na hapa ufumbue macho, kwa maana kichwa kilichowahi kufunguliwa hakifichiki: utaona michubuko ya spana katika boliti, utaona silikoni imepakwa mahali ambapo kiwanda hakipaki, utaona alama za mashine iliyokisawazisha. Kila kimoja kipige picha kikiwa bado mahali pake.

Kuna kidude kimoja ambacho nakusihi ukiulizie kwa jina, nacho ni thamostati. Hiki huenea katika kiganja cha mkono, hukaa mlangoni mwa maji ya injini, na kazi yake ni kuyafunga maji mtambo ungali baridi na kuyafungulia njia ya rejeta joto linapofika aghalabu baina ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi. Wengi katika mafundi wetu, gari likianza kuchemsha, hukitoa wakakitupa, na hoja yao ni kwamba nchi hii ni ya joto na kidude hiki ni cha watu wa theluji. Hoja hiyo si sahihi, kwani injini ilitengenezwa ifanye kazi katika joto maalumu, na kutoa thamostati ni kuificha dalili huku maradhi yakibaki palepale. Lakini kwako wewe kukosekana kwake kuna maana ya pili: gari hutoka Japani likiwa nacho, na lisipokutwa nacho leo, basi spana ilikwisha pita, na iliyoipitisha ilikuwa ikitafuta dawa ya joto. Vilevile yatazame maji yenyewe. Ile dawa ya kijani au nyekundu itiwayo katika rejeta huzuia kutu, na maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi iilayo aluminiamu. Ukikuta kutu imeganda mishipani mwa rejeta, usidhani imeletwa na dumu la utingo wako, kwa maana kutu ya namna hiyo haifanywi kwa siku moja.

Na lipo moja ambalo katika barua yako umelipitia mbio, nami sina budi kukurudisha hapo. Taa nyekundu iliwaka, ukaiona, ukaendelea. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana mshale wa joto, yana taa tu, ya buluu mtambo ukiwa baridi na nyekundu ukipita kiasi. Ile nyekundu maana yake ni kusimama hapo hapo, kabla ya Mariakani, kabla hata ya kona iliyo mbele yako, kwa sababu yamkini gasketi iliyokuwa imechoka ndiyo iliyoiwasha, na mwendo uliofuata ndio ulioigeuza gasketi kuwa injini nzima. Nasema haya kwa sababu ukienda kwa mzee ukadai yote, ilhali sehemu ni yako, hoja yako itaanguka mbele ya mtu yeyote mwenye insafu, na mzee mwenyewe atakuwa wa kwanza kuiangusha.

Kuhusu yeye, staha unayomwonea ni haki yake, na sitakushauri uivunje. Lakini kunyamaza si staha. Mtu aliyesimama mahali pa baba yako siku ya posa hastahili kutembea mtaani huku wewe ukimdhania udanganyifu ambao hukumwuliza, wala wewe hustahili kusimama naye safu moja na kinyongo kifuani. Pia ujue kwamba huenda hakusema uongo: ikiwa naye alilinunua kwa mwingine, au fundi wake alitoa thamostati bila kumweleza, alikwambia alilolijua. Basi matokeo ya uchunguzi yakiwa mkononi, usimwite kwa simu wala usimkabili mlangoni mwa msikiti. Nenda nyumbani kwake baada ya Isha pamoja na mtu mzima mmoja mnayemheshimu nyote wawili, mweleze kwa upole yaliyoonekana, mwonyeshe picha, umkumbushe swali ulilomwuliza na jibu alilokupa, kisha umwachie nafasi ya kusema.

Katika muamala wa Kiislamu mambo haya yana mlango wake, nao ni khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua ila iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kurejesha alichonunua, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi pwani yetu, haki hiyo hutakiwa kushikwa upesi, bila kuchelewa pasipo udhuru na bila kuendelea kukitumia kitu baada ya kuijua ila yake. Ndiyo sababu nyingine ya kutoyabadili mambo kwa injini mpya kwanza. Ikiwa mnunuzi naye ameongeza ila ya pili juu ya ile ya kale, hawezi tena kumlazimisha muuzaji arudishiwe. Huhesabiwa upungufu wa thamani uliosababishwa na ile ya kwanza, akafidiwa, isipokuwa muuzaji mwenyewe akiridhia kukipokea. Hali yako, kwa ile taa nyekundu, naiona iko karibu na hii. Sheikh wenu wa mtaa aweza kuwasuluhisha, ila msiende kwa Mahakama ya Kadhi, kwa maana Katiba ya Kenya ya 2010 imeiwekea mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, wala haikuitia uuzaji wa magari.

Sheria ya nchi nayo haikuachi mikono mitupu, japo haikupi yote. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humbebesha dhamana ya ubora yule ambaye kuuza vitu hivyo ni biashara yake, kama mwenye yadi ya magari. Mzee wako aliuza gari lake mwenyewe, kwa hiyo dhamana hiyo haimfungi. Kinachoweza kumfunga ni kauli yake. Kusema gari ni zuri ni sifa ya muuzaji, na mahakama haitaisikiliza. Kusema halijaguswa na spana ni habari ya jambo, na ikithibiti kuwa si kweli na kwamba ndiyo iliyokufanya utoe fedha, unayo njia. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, waweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na imewekewa siku 60 za kumaliza shauri. Naitaja ili ujue ipo. Kabla yake yupo mzee, na ipo sulhu ya kugawana gharama, ambayo mimi ningeipokea hata ikiwa chini kidogo ya haki yangu, maadamu imeandikwa na kushuhudiwa.

Ikibidi injini nyingine, inunue kwa mtu mwenye duka, na akupe stakabadhi iliyoandikwa nambari yake pamoja na muda wa kuijaribu, kwani nambari ya injini imo katika kitabu cha gari, na kubadili chuma bila kubadili hati ni kujitafutia mashaka siku ya ukaguzi au ya kuuza. Na gari likivutwa kupelekwa gereji, nalo ni la gia za kujiingiza zenyewe, magurudumu yanayoendeshwa na injini yasiburutwe chini. Linyanyuliwe, la sivyo utaiua gia pamoja na injini.

Mke wako mwambie usiku wa leo, kabla hujaenda popote. Alikuwamo garini, ameyaona kwa macho yake, na hapana shaka anajiuliza fedha zilitoka wapi na zitarudije. Makato ya mkopo yatakula chakula chake na cha wanawe, na akija kuambiwa na mtu wa chama, kosa lako halitakuwa tena gari. Chama nacho kiandikie mapema, kabla ya kukosa fungu la kwanza, kwani mkopaji ajaye mwenyewe kuomba apunguziwe makato husikilizwa kwa namna isiyo ya yule anayetafutwa.

Ama lile la mwisho, la kulitengeneza juu juu ukamwuzie mwingine, silikubali kwa hali yoyote, na naamini ulipoliandika uliandika kwa uchungu tu. Mtu huyo atakuuliza swali lile lile ulilomwuliza mzee, na utapaswa kumjibu. Ukiamua kuliuza, liuze kama lilivyo. Wapo wanunuao magari yaliyokufa kwa ajili ya bodi, gia na spea, watakupa kidogo lakini watakupa. Na katika karatasi ya mauziano iandikwe kwa herufi wazi kwamba injini ya gari hili haifanyi kazi na mnunuzi amejulishwa, mtie sahihi nyote wawili pamoja na nambari za vitambulisho vyenu, na umiliki uhamishwe kwa jina lake siku hiyo hiyo.