Jirani Aliyeshika Njia

Ndugu msomaji, fungua ramani ya Afrika, tazama kusini kabisa. Utaiona nchi ndogo ya Lesotho. Imezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Haina bahari wala jirani mwingine. Ukitoka Lesotho kwa gari, upende usipende, utapita kwa jirani huyo.

Lesotho ilipata uhuru mwaka 1966. Bendera yake, wimbo wake. Lakini bidhaa nyingi za madukani zilitoka Afrika Kusini. Katika miaka ya 1980, wanaume zaidi ya 100,000 wa Lesotho walichimba madini huko, wakituma fedha nyumbani. Hata ushuru wa forodha uliingia mfuko mmoja tangu mwaka 1910. Jirani ndiye aliyeushika mfuko, akagawa. Sasa pima mwenyewe: duka kwake, mshahara kwake, ushuru kwake.

Siku hizo Afrika Kusini ilitawaliwa na makaburu. Waziri Mkuu wa Lesotho, Leabua Jonathan, aliwapokea wakimbizi wa chama cha ANC. Desemba 1982 askari wa makaburu waliingia mji wa Maseru usiku, wakaua watu 42. Jonathan hakubadilika. Basi Januari 1986 wakabana mpaka. Malori yakasimama, bidhaa zikaadimika. Tarehe 20 mwezi huo huo, jeshi la Lesotho lenyewe likampindua Jonathan. Wakimbizi wakaondolewa, na mpaka ukafunguliwa.

Oktoba mwaka huo ukatiwa sahihi mkataba wa kupeleka maji ya milima ya Lesotho kwa jirani. Tuseme kweli: Lesotho inalipwa kwa maji hayo. Lakini mtu aliyetoka kubanwa koo anapatana bei namna gani?

Si wote waliobanwa. Malawi ilibembelezwa kwa mkopo wa kujenga makao makuu mapya, Lilongwe.

Zambia nayo haina bahari, na njia zake za kusini zilishikwa na serikali za walowezi. Ndiyo sababu sisi na Wazambia, kwa msaada wa Wachina, tulijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kati ya mwaka 1970 na 1975.

Utawala wa makaburu uliisha mwaka 1994. Ule mfuko wa ushuru upo mpaka leo.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwaka 1986, kwa nini makaburu hawakuhitaji kuiteka Lesotho kwa vita?
2. Mazao ya kijiji chenu hupita njia ngapi kwenda sokoni? Nani ameishika kila njia?