Dondoo muhimu: Kusoma kunaanzia kituoni

Daladala, kanga na pakiti za chumvi humfundisha mtoto kusoma kabla ya chekechea.

1. Anza na herufi ya jina lake: kama ni Mariamu, aitafute M kwenye vibao vya daladala: Mbagala, Mwenge, Makumbusho.

2. Pitisha kidole chini ya neno, kushoto kwenda kulia.

3. Tamka sauti ya herufi, "mmm", si jina la herufi; wazazi wengi hukosea hapa.

4. Pigeni makofi kwa silabi: Ka-ri-a-ko-o.

5. Funika nembo ya pakiti. Huenda mtoto anatambua rangi tu, si neno. Kisha liandike neno lilelile la pakiti karatasini, alisome.

6. Neno HATARI kwenye nguzo ya umeme lisomeni mkiwa mbali, na maana yake aielewe.

7. Akichoka, acha, usimfanyie mtihani.